Mume wangu anameza ARV na virusi havionekani: tunaweza kuacha kondomu?

Swali: Habari daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Arua. Mume wangu ni dereva wa lori, anapita mpaka wa Elegu kwenda Juba. Ana virusi, na anameza ARV mwaka wa tatu sasa, kidonge kimoja kila siku. Mimi sina, nilipima mwezi wa pili. Kule anakochukulia dawa nesi alimwambia virusi vyake havionekani tena, kwa hiyo hawezi kuniambukiza. Kituo kilicho karibu na nyumbani walinigombeza, wakasema kondomu mpaka kufa. Tunataka mtoto wa tatu. Juzi mume alinunua kile kipimo cha mate, OraQuick, akajipima chumbani, ukatoka mstari mmoja. Sasa mama mkwe anasema mwanawe amepona, aache dawa kali. Nimwamini nani?

Jibu: Dada yangu, nesi wa kwanza alisema kweli. Mtu mwenye VVU anayemeza dawa zake kila siku, na ambaye kipimo cha damu kimeonyesha kwamba virusi havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Sisemi kwamba hatari imepungua, wala sisemi labda. Hamwambukizi. Nitakueleza tumejuaje, na mtafanya nini ili maneno hayo yawe kweli ndani ya nyumba yenu na si kliniki tu. Lakini katika yote uliyoandika, jambo la haraka ni kile kipimo cha mate. Mumeo asiache dawa. Kama ameshaacha, hata kwa siku tatu, arudi kumeza leo, na kondomu zirudi leo.

OraQuick haitafuti virusi. Inatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza ukishakutana na virusi. Mtu ambaye dawa zimevituliza virusi kwa muda mrefu, mwili wake hupunguza kutengeneza kingamwili hizo, na zile zinazofika kwenye fizi ni chache kuliko za kwenye damu. Kwa hiyo mstari wa pili unaweza kufifia, au usitokee kabisa, huku virusi vimo. Ndiyo sababu maelezo yanayokuja na kipimo hicho yanasema mtu anayetumia ARV asijipime nacho. Mstari mmoja wa mumeo haumaanishi kwamba amepona. Wapo watu walioacha dawa kwa sababu ya mstari kama huo, wakarudi hospitali baada ya miezi wakiwa wagonjwa, na wengine wakiwa wameshawaambukiza wake zao. Wewe ambaye huna virusi na humezi ARV unaweza kukitumia: usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla, pitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, usome jibu kuanzia dakika ya 20, na ikishapita dakika ya 40 usilisome tena.

Kutoambukiza na kupona ni mambo mawili. Kidonge chake, nadhani ni kile kinachoitwa TLD kwa sababu ndicho wanachopewa watu wazima wengi Uganda tangu 2018, kina dawa tatu ndani yake: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Mbili za kwanza zinazuia virusi kunakili vinasaba vyake ndani ya seli ya CD4, yaani seli ya kinga ya mwili ambayo virusi huishambulia, na dolutegravir inazuia nakala isijipachike kwenye vinasaba vya seli. Virusi visipoweza kuzaliana, vilivyomo kwenye damu hufa na havipati warithi. Vikipungua kwenye damu, vinapungua pia kwenye manii na ute wa uke. Hapo ndipo maambukizi yanapokatika. Lakini zipo seli chache zilizobeba virusi vikiwa vimelala, na hizo dawa haziziui. Mtu akiacha kumeza, kwa kawaida ndani ya wiki mbili au tatu virusi hurudi kwenye damu, na uwezo wa kuambukiza unarudi navyo. Mama mkwe anaona mwanawe ana nguvu na amenenepa, anadhani dawa zimemaliza kazi. Nguvu hizo ni kazi ya dawa za jana na za leo.

Sasa ushahidi, kwa sababu najua jirani atakuambia kwamba haya ni maneno ya kuja. Moja ya nguzo zake ilisimamishwa hapa kwetu Uganda, wilaya ya Rakai. Mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo ya wenza 415 wa vijijini ambao mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana. Wakati huo ARV hazikuwafikia watu wa kule. Katika kipindi cha kuwafuatilia, 90 waliambukizwa. Lakini kulikuwa na wenza 51 ambao yule mwenye virusi alikuwa na nakala chini ya 1,500 za virusi katika mililita moja ya damu, na kati yao hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hapo ikaonekana wazi kwamba wingi wa virusi kwenye damu ndio unaoamua.

Swali lililobaki likawa: dawa zikiushusha wingi huo, itakuwa hivyohivyo? Utafiti uitwao HPTN 052, wa wenza 1,763 katika nchi tisa, Kenya na Malawi zikiwemo, ulitoa jibu la kwanza mwaka 2011: kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi ndani ya ndoa kwa asilimia 96. Watu waliuliza mbona si 100. Walipofuatiliwa hadi mwisho ikaonekana kwamba maambukizi machache yaliyotoka kwa mwenza aliyekuwa kwenye dawa yalitokea ama alipokuwa ndiyo kwanza ameanza na virusi bado havijashuka, ama dawa zilipokuwa zimeshindwa. Pale virusi vilipokuwa vimetulia sawasawa, hakuna. Kisha ukaja utafiti wa PARTNER huko Ulaya, uliochapishwa 2016. Ulihusu wenza 888, na 548 kati yao walikuwa mume na mke kama ninyi, wote wakikutana bila kondomu. Wakati wa utafiti walikutana takribani mara 58,000. Aliyeambukizwa na mwenzake aliyekuwa kwenye dawa: sifuri. Wako waliopata virusi, naam, lakini vinasaba vya virusi vyao vilipolinganishwa na vya mwenza wa nyumbani havikufanana. Walivipata kwa mtu mwingine. Jambo hili linauma kulisema, ila litaje nyumbani, kwa sababu dawa za mumeo zinakukinga na virusi vya mumeo tu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliandika hivyo bila kuzunguka: virusi visipoonekana, hatari ya kumwambukiza mwenza kwa ngono ni sifuri, vikionekana lakini visizidi nakala 1,000, hatari ni karibu hakuna.

Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya neno "havionekani", na neno hilo lina karatasi yake. Usiridhike na "nesi kasema". Mwombe mumeo aiombe karatasi, au aipige picha kwa simu. Ni majibu ya kipimo cha wingi wa virusi, kile ambacho kliniki wanakiita VL. Damu huchukuliwa kituoni, hubebwa na pikipiki ya maabara mpaka kituo cha kukusanyia, kisha hupelekwa maabara kuu ya taifa Butabika, Kampala, na majibu yanarudi kituoni. Ukiishika karatasi hiyo, anza na tarehe, usianze na namba. Zipo tarehe zaidi ya moja, na unayoitaka ni ile siku damu ilipotolewa. Kama damu ilitolewa mwezi wa pili, majibu yakachapwa mwezi wa tatu, na mumeo akaambiwa mwezi wa kumi aliporudi safari, basi "havionekani" ile ni habari ya mwezi wa pili. Inabaki kweli ikiwa tangu hapo hajaacha kumeza. Kama ameacha, karatasi hiyo imeshapitwa.

Kisha namba yenyewe. Ikiandikwa kwa Kiingereza "Target Not Detected" au "Not Detected", au alama ya chini ya 20 au chini ya 50, hiyo ndiyo tunayoitafuta. Ikiwa kati ya 50 na 200 msiingiwe na hofu: utafiti wa PARTNER ulihesabu kila aliye chini ya 200 kuwa ametulia, na sifuri yao imetokana na kipimo hicho. Ikiwa kati ya 200 na 1,000, uwezekano wa kuambukiza ni mdogo mno, ila kuna kitu kinavuja, mara nyingi ni vidonge vinavyorukwa. Kwa ndoa inayotaka mtoto mimi ningeshauri kondomu zikae mpaka kipimo kirudiwe. Ikizidi 1,000, anaweza kukuambukiza. Kliniki itampa vikao vya ushauri wa umezaji, kwa kawaida vitatu, mwezi mmoja baina ya kimoja na kingine, kisha wapime tena. Wengi hushuka hapo bila kubadilishiwa dawa.

Tazama pia aina ya sampuli. Vituo vingine hutuma damu iliyodondoshewa kwenye kadi na kukaushwa, ambayo kwenye karatasi huandikwa DBS. Vingine hutuma majimaji ya damu, plasma. Kadi ina damu kidogo sana, kwa hiyo mashine haiwezi kuona virusi vikiwa chini ya mia kadhaa. Majibu ya "havionekani" kutoka kwenye kadi ni mazuri, lakini yasome kama "chini ya 1,000 kwa hakika" na si kama chini ya 50. Ninyi mnaopanga mtoto mna sababu nzuri ya kuomba plasma. Semeni wazi kwamba ninyi ni wenza wenye hali tofauti na mnataka mimba. Ombi la namna hiyo lina uzito kliniki.

Mtu mzima anayeendelea vizuri hupimwa miezi sita baada ya kuanza dawa, akitimiza mwaka, kisha mara moja kila mwaka. Mumeo yuko mwaka wa tatu, kwa hiyo anapaswa kuwa na majibu mawili au matatu kwenye faili lake. Mawili yaliyofuatana yakiwa hayaonekani, na la mwisho likiwa halijapita mwaka, mko mahali pazuri. Likiwa limepita mwaka, au kama baada ya mstari ule wa OraQuick aliacha vidonge, apimwe upya kabla hamjaweka kondomu pembeni. Aliyeruka siku chache arudi kumeza, mtumie kondomu, apimwe baada ya mwezi mmoja hivi wa kumeza bila kuruka. Aliyeacha kwa wiki kadhaa aende kliniki aseme ukweli wote. Watamwangalia upya na kumpangia tarehe ya kipimo, na kondomu zikae mpaka majibu yatoke. Asiogope kugombezwa. Majibu mabaya yanayojulikana yanatibika.

Niseme kidogo juu ya maisha ya dereva, maana huko ndiko dawa zinakoharibikia. Lori linakwama Elegu siku nne kwa ajili ya karatasi za forodha, dereva alibeba vidonge vya siku saba, vinaisha Juba. Aombe akiba. Kwa mtu aliyetulia, kliniki zinaweza kutoa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja, na upo mpango wa kuchukua dawa kwa haraka bila kupanga foleni ya daktari. Aeleze kazi yake, wasipoelezwa hawatajua. Abebe nusu ya dawa garini na kuacha nusu nyumbani, ili mkoba ukiibiwa asibaki mikono mitupu. Dawa zikae kwenye chupa yake, pamoja na kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu. Zisimwagwe kwenye mfuko wa nailoni, wala chupa isiwekwe mbele ya kioo cha lori ambako jua linachoma mchana kutwa. Dawa hizi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi joto 30. Chini ya kiti, ndani ya begi la nguo, panafaa. TLD ni mseto unaotumika katika nchi nyingi za jirani, kwa hiyo akiishiwa safarini aingie kituo chochote cha serikali na chupa tupu mkononi pamoja na karatasi ya kliniki yake.

Saa ya kumeza achague ile isiyomponyoka: watu wa barabarani wengi hufaulu na saa ya chai ya asubuhi kuliko usiku, kwa sababu usiku hujui utalala wapi. Akisahau asubuhi na kukumbuka mchana, ameze palepale. Akikumbuka kesho yake, ameze kimoja kama kawaida. Asimeze viwili kwa pamoja kufidia. Kidonge kimoja kilichosahauliwa kwa mwezi hakirudishi virusi kwa mtu aliyetulia. Kinachorudisha ni mfululizo wa siku.

Halafu kuna vitu vinavyozuia dawa isifanye kazi hata kama anameza kila siku, na wengi hawaambiwi. Madereva hula ovyo na hutembea na dawa za kiungulia. Zile zenye magnesiamu au alumini, za maji au za kutafuna, hushikana na dolutegravir tumboni, nayo isiingie kwenye damu. TLD imezwe saa mbili kabla ya dawa hiyo au saa sita baada yake. Omeprazole haina tabu. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vina ugomvi uleule, ila vinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa ni katikati ya chakula. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, lazima aongezewe dolutegravir ya miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, na iendelee wiki mbili baada ya dawa za kifua kikuu kwisha. Carbamazepine, dawa ya kifafa, nayo hudai dozi hiyo ya pili. Mwenye kisukari anayemeza metformin asizidishe miligramu 1,000 kwa siku. Dawa za mitishamba za kusafisha damu aziache kabisa. Hakuna anayejua zina nini ndani, na wauzaji wengi humwambia mtu aweke ARV pembeni kwanza.

Turudi kwenye mtoto. Ikiwa majibu yako sawa kama nilivyoeleza, mnaweza kutafuta mimba kwa njia ya kawaida, bila kondomu, na mtoto hatakuwa na virusi kwa sababu wewe huna. Mtoto hupata VVU kwa mama. Baba hampi moja kwa moja. Kama bado una wasiwasi moyoni, na wasiwasi wako una haki yake, mnaweza kuacha kondomu zile siku za rutuba tu. Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, siku za kukutana ni kuanzia ya 10 hadi ya 16, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa ya 1. Si sharti la kitabibu, ni la kukutuliza.

Ipo pia PrEP, yaani dawa ya kinga kwa asiye na virusi. Uganda ilianza kuitoa 2017, na watu wetu wana mchango mkubwa ndani yake: utafiti wa Partners PrEP wa wenza 4,747 ulifanyika Kenya na Uganda, na kwa upande wetu ulikuwa Kampala, Jinja, Mbale, Tororo na Kabwohe. Mume akiwa ametulia huihitaji. Lakini wewe unabaki Arua, yeye yuko Juba, na huwezi kuhesabu vidonge vyake kwa simu. Kama hujui kwa hakika anachomeza huko, au kama kuna mashaka ya mambo ya nje, PrEP iko mikononi mwako mwenyewe na hakuna aibu kuiomba. Utapimwa VVU kwanza, na homa ya ini B, kisha utameza kidonge kimoja kila siku. Shirika la Afya Duniani linasema kinga imejengeka baada ya siku 7; wataalamu wengine, kwa mwanamke, huhesabu siku 21. Ukiwa na nafasi ya kusubiri, subiri 21. Inaweza kuendelea ukiwa mjamzito na ukinyonyesha. Ukiwa kwenye PrEP, upimwe kliniki kwa damu, si kwa kipimo cha mate.

Ukishika mimba, endelea kupima: hudhurio la kwanza, tena miezi ya mwisho, tena ukiwa unanyonyesha. Hilo si kwa sababu simwamini mumeo. Mwanamke anayepata virusi vipya akiwa na mimba au ananyonyesha huwa na virusi vingi mno kwenye damu, na mtoto ndiye anayeathirika.

Kwa dada anayesoma hapa ambaye mambo kwake ni kinyume, yaani yeye ndiye mwenye virusi na mume hana: sifuri ya ngono ni ileile kwake. Kunyonyesha ndiko kuna hesabu nyingine. Virusi visipoonekana, uwezekano wa kumpitishia mtoto kwa maziwa hushuka sana, chini ya asilimia 1, ila hausemwi kuwa sifuri. Kwa hiyo mtoto bado anapewa dawa ya kinga na kupimwa kwa ratiba. Wala sifuri hii haihusu sindano ya kuchangia, wala kutoa damu hospitali. Ni ya ngono.

Kwa nini basi vituo viwili vikuambie tofauti? Kwa miaka mingi wahudumu wetu walifundishwa kondomu bila kuachia nafasi, na mafundisho hayo yaliokoa watu. Wengine wanaijua habari mpya lakini wanaogopa kuisema, wakidhani watu wataacha kondomu na wasimeze dawa. Sikubaliani nao. Mwanamume anayejua kwamba kidonge cha asubuhi ndicho kinachomlinda mkewe ana sababu ya kukimeza kuliko yule anayedhani yeye ni hatari milele hata afanye nini. Na ukimya huo ndio unaowafanya watu wafiche vidonge kwenye mtungi wa unga na kuruka dozi mgeni akija. Yule aliyekugombeza ana hoja moja tu ya kweli: ARV hazikingi kaswende, kisonono, wala mimba usiyoitaka. Homa ya ini B nayo iko kwa wingi upande wetu wa West Nile. Kama hujachanjwa, pima, kisha uchanjwe dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu ikifika miezi sita tangu ya kwanza. Na hapa kuna sababu nyingine ya mumeo kutoacha TLD ghafla: tenofovir na lamivudine ndizo pia zinazotuliza homa ya ini B, na mwenye ugonjwa huo akizikata, ini linaweza kuchafuka vibaya.

Jambo la mwisho kabla hamjaenda. Tangu 2025, msaada wa Marekani ulipoyumba, kliniki nyingi za ART, yaani za kutolea ARV, zimeunganishwa na foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje. Faili huhama, wahudumu hubadilika, tarehe ya kipimo hupita bila mtu kukumbusha. Picha ya kila majibu ikae kwenye simu ya mumeo na yako, na tarehe ya VL inayofuata muiandike wenyewe. Mama mkwe mwambieni tu kwamba daktari amesema dawa ziendelee. Karatasi za majibu ni za mumeo, halazimiki kumwonyesha mtu.

Na ikitokea baadaye, mkiwa mmeshaacha kondomu, ukagundua kwamba alikaa wiki kadhaa bila kumeza, usikae kulia wala kungoja dalili. Nenda kituoni siku hiyohiyo uombe PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana navyo. Inafaa ikianzwa ndani ya saa 72 tangu mlipokutana, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Humezwa siku 28 bila kuruka, kisha unapimwa. Kituo cha karibu kikikosa, nenda hospitali ya rufaa ya Arua, hata usiku.